Kisiwa cha Isle Royale: Mbwa-mwitu, Musi na Daraja la Barafu

Kila mwanafunzi wa elimu-viumbe amewahi kuchora mnyororo wa chakula katika daftari lake. Chini huandika majani, juu yake swala, na juu ya swala simba. Kisha huyaunganisha majina hayo kwa mishale. Mchoro huo ni rahisi na ni wa kweli, lakini haujibu maswali ambayo mwanafunzi makini hana budi kuyauliza. Simba wakizidi, swala watapungua kwa kiasi gani? Swala wakipungua, majani yatanufaika baada ya muda gani? Je, hatimaye pande zote hufikia mizani na kutulia, au hupanda na kushuka daima?

Kuyajibu maswali hayo kwa kutazama nyika pana kama Serengeti ni kazi ngumu. Walaji majani wa huko ni wa aina nyingi, walaji nyama nao ni wa aina nyingi, na makundi ya nyumbu huhama kila mwaka yakivuka mipaka ya hifadhi na hata ya nchi. Mtafiti angependa apate mahali padogo zaidi, penye mpaka usiovukwa kwa urahisi, penye mla nyama mkubwa wa aina moja na mla majani mkubwa wa aina moja, tena pasipo bunduki wala shoka. Mahali pa namna hiyo ni pachache mno duniani. Pamojawapo ni kisiwa cha Isle Royale, katika Ziwa Superior, kaskazini mwa Marekani. Makala haya yanaeleza yale yaliyogunduliwa huko katika uchunguzi ulioanza mwaka 1958 na ambao umevuka miaka sitini, na swali gumu ambalo uchunguzi huo uliwaletea wenye dhamana ya kukilinda kisiwa.

Kisiwa na msitu wake

Ziwa Superior ndilo ziwa la maji baridi lenye eneo kubwa kuliko yote duniani, kiasi cha kilometa za mraba 82,000. Ziwa letu la Victoria, lenye kilometa za mraba 68,800 hivi, ndilo linalolifuata. Lakini maziwa hayo mawili yanatofautiana sana kwa tabia. Victoria lina kina kisichozidi meta 85, na maji yake huwa vuguvugu mwaka mzima. Superior lina kina cha meta 406 mahali palipozama kuliko pote, na maji yake huwa ya baridi hata wakati wa kiangazi. Majira ya baridi yakiwa makali, sehemu kubwa ya uso wake huganda na kuwa barafu. Msomaji aliweke jambo hili akilini, kwa sababu habari yote inayofuata inalitegemea.

Isle Royale ni kisiwa chembamba kilichojinyoosha kutoka kusini-magharibi hadi kaskazini-mashariki, urefu wake kilometa 72 na upana wake kilometa 14 hivi. Eneo lake ni kama kilometa za mraba 535. Kwa mgawanyo wa utawala kisiwa hiki ni cha jimbo la Michigan, ingawa pwani iliyo karibu nacho zaidi ni ile ya Minnesota na Kanada, umbali wa kilometa 24 hivi. Waojibwe, ambao ni wenyeji wa nchi hizo, hukiita Minong. Maelfu ya miaka kabla ya Wazungu kufika, wenyeji walikuwa wakichimba shaba katika miamba yake.

Kisiwa kimo katika ukingo wa kusini wa ukanda mkubwa wa misitu ya baridi inayoizunguka dunia upande wa kaskazini, kupitia Kanada, Skandinavia na Urusi. Miti mingi ya ukanda huo ni ya jamii ya msonobari. Majani yake ni membamba kama sindano, nayo hubaki mtini majira yote. Mti utakaotuhusu zaidi hapa ni ule utoao utomvu wenye harufu nzuri kama zeri, tuuite msonobari-zeri. Miti ya majani mapana kisiwani hupukutisha majani yake kabla ya baridi kuanza, na kwa hiyo kwa miezi mingi ya mwaka msonobari-zeri ni miongoni mwa vyakula vichache vinavyopatikana.

Bunge la Marekani liliidhinisha kuundwa kwa hifadhi ya taifa kisiwani mwaka 1931, na hifadhi yenyewe ikaanzishwa mwaka 1940. Mwaka 1976 karibu nchi kavu yote ya kisiwa iliwekwa chini ya sheria ya nyika asilia, na mwaka 1980 UNESCO ikakiingiza katika orodha ya hifadhi za biosfia. Hakuna barabara za magari. Mgeni hufika kwa mashua au kwa ndege itelezayo majini, kisha hutembea kwa miguu. Kuanzia Novemba mpaka katikati ya Aprili hifadhi hufungwa kwa wageni.

Wakazi wawili

Kisiwa kina aina chache za wanyama wanyonyeshao kuliko nchi kavu iliyo karibu, na sababu ni dhahiri: kila aina ilibidi ipate njia ya kuvuka maji. Wawili kati ya hao ndio wahusika wakuu wa habari yetu.

Wa kwanza ni musi. Ndivyo tutakavyomwita, kwa kulifuata jina lake la Kiingereza. Musi ni mla majani mwenye miguu mirefu na pua nene, na dume lililokomaa huweza kupita kilo 400. Swala na pofu wetu hubaki na pembe zao maisha yote. Pembe za musi dume huanguka kila mwaka na kuota upya, nazo zina umbo la viganja vilivyokunjuliwa. Musi walifika Isle Royale mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa muda mrefu iliaminika kuwa waliogelea, maana musi ni mwogeleaji hodari. Wapo pia wataalamu wanaodhani kwamba waliletwa na watu.

Wa pili ni mbwa-mwitu wa kijivu. Huyu si yule mbwa-mwitu wa mabaka aonekanaye Ruaha na katika Hifadhi ya Nyerere, japokuwa wote ni wa jamii moja ya mbwa. Mbwa-mwitu wa kijivu ana manyoya mazito, huwinda kwa kundi, na ndiye aliye wa ukoo mmoja wa karibu na mbwa wetu wa nyumbani. Uzito wake ni kilo 35 hivi, yaani hata sehemu moja ya kumi ya uzito wa windo lake hafiki.

Kwa karibu miaka arobaini musi waliishi kisiwani bila adui huyo. Waliongezeka upesi, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 walikuwa wamezidi uwezo wa msitu kuwalisha. Mwanabiolojia Adolph Murie, aliyewachunguza mwaka 1929 na 1930, alionya kwamba njaa inakuja. Njaa ilikuja, na musi wengi wakafa katikati ya miaka hiyo. Mwaka 1936 moto uliteketeza kama robo ya kisiwa. Machipukizi yaliyoota katika majivu yakawa chakula kipya, na musi wakaongezeka tena. Kisha, kati ya mwaka 1948 na 1949 hivi, barafu ilipolifunga ziwa, mbwa-mwitu wachache walivuka kwa miguu kutoka nchi kavu. Majira ya joto yalipowadia daraja lao liliyeyuka, nao wakabaki kisiwani.

Kazi ya kuhesabu

Mwaka 1958 Profesa Durward Allen wa Chuo Kikuu cha Purdue alianzisha uchunguzi ambao aliukusudia kuwa wa miaka kumi. Mwanafunzi wake wa kwanza katika kazi hiyo alikuwa L. David Mech, ambaye baadaye alipata sifa kubwa katika elimu ya mbwa-mwitu. Rolf Peterson na John Vucetich wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Michigan waliuendeleza, na miaka kumi ikawa zaidi ya sitini.

Njia zenyewe si za ajabu. Kila majira ya baridi watafiti huruka kwa ndege ndogo yenye ski badala ya magurudumu. Mbwa-mwitu huhesabiwa mmoja mmoja kwa kufuata nyayo zao katika theluji mpaka kundi lionekane. Musi ni wengi, tena hujificha chini ya miti. Kwa hiyo watafiti huchagua vipande vya sampuli, huwahesabu musi waliomo, kisha hukadiria jumla ya kisiwa kizima. Majira ya joto hutumika kutembea msituni na kuokota mifupa ya musi waliokufa. Meno hueleza umri, viungo hueleza maradhi. Maelfu ya mifupa hiyo yamekusanywa.

Mifupa hiyo ndiyo iliyofichua jambo ambalo mishale ya daftarini haionyeshi. Mbwa-mwitu hawali musi yeyote wanayemkuta. Musi mwenye nguvu zake husimama na kurusha mateke yanayoweza kuvunja mbavu za mshambuliaji, na mara nyingi kundi humwacha likaenda zake. Wanaouawa zaidi ni ndama, na wazee wenye maradhi ya viungo. Kwa hiyo, ili kukisia kama mbwa-mwitu watashiba, haitoshi kujua idadi ya musi; yafaa kujua pia umri wao. Ndama wengi waliozaliwa katika miaka ya neema huwa wazee wengi baada ya miaka kumi na zaidi, na ndipo mbwa-mwitu hupata karamu.

Mizani isiyotulia

Katika miaka ya kwanza palikuwa na mbwa-mwitu kama ishirini na musi mamia kadhaa, na ilielekea kwamba pande hizo mbili zimefikia mizani. Lau uchunguzi ungalikoma hapo, vitabu vya shule vingalifundisha hivyo mpaka leo.

Lakini hesabu iliendelea. Musi waliongezeka katika miaka ya 1960, wakapungua katika miaka ya 1970, huku mbwa-mwitu wakiongezeka hadi kufikia 50 mwaka 1980, yaani mmoja kwa kila kilometa za mraba 11 hivi. Miaka miwili baadaye walibaki 14 tu. Mbali na upungufu wa chakula, mbwa-mwitu walikuwa wameshambuliwa na virusi vya pavo, ugonjwa wa mbwa wa nyumbani, ambao bila shaka ulifika kisiwani kupitia kwa watu, japokuwa ni marufuku kuingiza mbwa hifadhini. Sheria iliweza kuzuia bunduki na shoka. Haikuweza kuzuia kitu kisichoonekana kwa macho.

Mbwa-mwitu walipopungua, musi walizidi, wakafikia 2,400 hivi mwaka 1995. Majira ya baridi ya 1996 yalikuwa makali mno. Theluji nene, kupe na njaa viliwaua kwa wingi, hata mwaka 1997 wakakadiriwa kuwa 500 tu.

Mti nao ulikuwa na ushahidi wake. Ukikata msonobari-zeri hukuta pete za ukuaji, moja kwa kila mwaka. Katika miaka musi walipokuwa wengi pete hizo zilikuwa nyembamba. Walipopungua zikawa pana. Hivyo mbwa-mwitu, ambaye hali jani hata moja, aliacha alama yake ndani ya mti. Upande wa magharibi wa kisiwa hali ilikuwa mbaya zaidi: miche ililiwa mwaka hata mwaka bila kupata nafasi ya kurefuka, huku miti mikongwe ikifa bila kuacha warithi.

Daraja linapotoweka

Hapa ndipo tunairudia barafu. Kundi lililoingia kisiwani mwaka 1948 au 1949 lilikuwa la wanyama wachache sana, na wazao wao walioana wao kwa wao. Kila kiumbe hupokea nakala mbili za kila jeni, moja kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Nakala yenye kasoro mara nyingi haidhuru iwapo mwenziwe ni nzima. Ndugu wakizaana, uwezekano wa mtoto kupokea nakala mbili zenye kasoro ileile huongezeka. Mifupa ya mbwa-mwitu wa Isle Royale ilionyesha kasoro za kuzaliwa za uti wa mgongo, nyingi kupita zile zilizoonekana kwa mbwa-mwitu wa nchi kavu.

Mwaka 1997 dume moja lilivuka barafu kutoka Kanada. Watafiti walilipa namba M93, na asili yake ilijulikana baadaye, jeni zilipopimwa kutoka katika vinyesi vilivyookotwa msituni. Dume hilo lilizaa watoto 34, na kwa miaka kadhaa kundi likapata nguvu mpya. Lakini muda si muda karibu mbwa-mwitu wote kisiwani wakawa wazao wake, na yeye mwenyewe akazaa na binti yake. Dawa iliyokuja mara moja tu haikutosha.

Katika miaka ya 1960 daraja la barafu lilitokea karibu kila majira ya baridi. Katika miongo ya hivi karibuni, kwa kuwa hewa na maji vimeongezeka joto, limekuwa jambo la nadra. Joto hilo linatokana kwa sehemu kubwa na gesi zitokazo katika viwanda na magari yaliyo mbali kabisa na kisiwa. Mbwa-mwitu walikuwa 24 mwaka 2009. Mwaka 2012 walikuwa 9. Mwaka 2016 wakabaki wawili. Wawili hao walikuwa baba na binti, na wakati huohuo walikuwa ndugu wa mama mmoja. Mtoto wao wa pekee aliyeonekana, mwenye umbo lililopotoka, hakuishi. Musi, kwa upande wao, waliongezeka tena hadi kupita 2,000 mwaka 2019.

Kuacha au kuingilia

Wenye dhamana walikabiliwa na swali lisilo rahisi. Upande mmoja ulisema: nyika asilia maana yake ni mahali ambapo binadamu hatii mkono. Musi na mbwa-mwitu wote ni wageni wa karne moja tu. Visiwa hupata aina mpya na kupoteza za zamani, na hilo ni jambo la kawaida. Tukianza kupanga nani aishi na nani atoweke, tutakuwa tunafuga bustani.

Upande wa pili ulijibu: mkono wa binadamu ulikwisha kutiwa zamani. Ni watu walioleta virusi, na ni watu wanaochangia kuliyeyusha daraja. Kukaa kimya sasa si kuiacha asili ifuate njia yake, bali ni kuuachia msitu gharama ya makosa yetu.

Hoja zote mbili zina uzito, na sayansi peke yake haiwezi kuchagua kati yake. Inaweza tu kueleza matokeo ya kila njia. Mwezi Juni 2018 Idara ya Hifadhi za Taifa ya Marekani iliamua kuingilia. Kati ya Septemba 2018 na Septemba 2019 mbwa-mwitu 19 walipelekwa kisiwani kutoka Minnesota, Michigan na jimbo la Ontario nchini Kanada. Walichukuliwa sehemu mbalimbali kwa makusudi, ili damu iwe mchanganyiko. Mmoja wao, jike kutoka Minnesota, hakukubali mpango huo: ilipotokea barafu mwishoni mwa Januari 2019 alivuka akarudi kwao.

Hesabu ya mwaka 2024 ilikuta mbwa-mwitu 30 hivi, na musi wapatao 840. Tukigawanya, tunapata musi 28 kwa kila mbwa-mwitu, uwiano usio mbali na ule wa miaka ya kwanza ya uchunguzi. Lakini kisiwa kimekwisha kutufundisha tusiuite uwiano wa mwaka mmoja mizani. Tena, daraja limekuwa la nadra. Iwapo barafu haitaonekana kwa miaka mingi, swali la damu mpya litaulizwa upya, na kizazi kingine kitalazimika kulijibu.

Swali lisilo la mbali

Mwalimu wa Tanzania hahitaji kwenda hadi Ziwa Superior kulipata swali hili. Katika Ziwa Victoria kipo kisiwa cha Rubondo, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1977. Kati ya mwaka 1966 na 1969 waliachiliwa huko sokwe waliokuwa wamefungwa katika bustani za wanyama na sehemu nyingine za Ulaya, na wazao wao wanaishi katika msitu wa kisiwa hicho hadi leo. Rubondo pia ni nchi iliyozungukwa na maji na kulindwa na sheria, na wanyama wake pia wapo kwa sababu watu waliamua hivyo. Wanafunzi wanaweza kujadili darasani: mahali ambapo binadamu amekwisha kuingilia, wajibu wake unakoma lini?

Na kama darasa litapenda kufanya zaidi ya kujadili, lichukue kamba na vigingi, lipime vipande kumi vya meta moja ya mraba katika uwanja wa shule, lihesabu mimea ya kila aina iliyomo, na kuandika tarehe. Mwaka ujao darasa lingine lihesabu vipande vilevile. Mwaka wa kwanza daftari litaonyesha orodha tu, na mwaka wa pili litaonyesha badiliko ambalo huenda likawadanganya. Faida yake itaonekana kwa wale watakaolirithi daftari hilo baada ya miaka kumi, iwapo waliotangulia hawakuchoka kuhesabu.